Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Samaki wa Kioo na Amana ya Nyumbani

Msomaji mpendwa, huenda nawe umewahi kupiga hodi katika nyumba ya watu hapa Mombasa, ukakaribishwa ndani, ukatiliwa kahawa na kuwekewa kisahani cha halua, na kabla hujamaliza kuwajulia hali wenyeji wako macho yako yakavutwa na kitu kimoja pembeni mwa sebule. Ni kisanduku cha kioo kilichojaa maji. Ndani yake mimea ya kijani inayumbayumba kama inayopigwa na upepo wa kusi, na baina ya majani yake wanapita samaki wadogo wadogo, wengine wekundu kama komamanga, wengine wa samawati kama bahari ya kaskazi.

Mgeni husahau kahawa yake mpaka ikapoa. Watoto alioandamana nao hubandika pua zao kwenye kioo na hawasikii wakiitwa. Naye mwenye nyumba, huku akijizuia asionekane mwenye kujivuna, husema, "Aa, hao ni samaki wa kufuga tu."

Tu! Laiti mgeni angalijua yaliyofichika nyuma ya neno hilo dogo. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, nao walikuwa wakisema juu ya majahazi. Lakini mimi naona methali hiyo yawafaa pia samaki wa kioo, kwani kila siku wanayoelea wakiwa hai katika tangi lile, pana mtu aliyeiunda siku hiyo kwa mikono yake na kwa subira yake. Nayasema haya kwa kuwa yamenifika.

SWALI LA KITINDA MIMBA

Yalianza baada ya Idi. Kitinda mimba wangu alikuwa amehitimu juzuu yake ya kwanza chuoni, nami nilikuwa nimemwahidi zawadi. Akachagua samaki. Jumamosi asubuhi tukaenda dukani, tukanunua tangi la kioo, mfuko wa changarawe za rangi, nyumba ndogo ya plastiki, na samaki kumi na wawili waliotiwa katika mifuko ya nailoni. Kufika adhuhuri tangi limejazwa maji ya mfereji na samaki wamo ndani. Nyumba nzima ilikuwa na furaha. Kila aliyepita akitupa chakula kidogo: mtoto akitupa, dada yake akitupa, nami nikirudi kutoka Isha nikitupa.

Siku ya nne maji yakaanza kuwa kama yaliyotiwa tui. Kwa fikira zangu, dawa ya uchafu ni usafi. Nikamwaga maji yote, nikasugua kioo na changarawe kwa sabuni, nikajaza maji mapya ya mfereji, nikawarudisha samaki. Nikajiona fundi. Jumanne walikuwa wakipumulia juu ya maji, midomo wazi. Alhamisi usiku akabaki mmoja. Ijumaa asubuhi hata huyo alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe za rangi.

Mwanangu hakulia kwa sauti. Alisimama mbele ya tangi akaniuliza, "Baba, tumewaua sisi?"

Nilitafuta jawabu la kumtuliza, sikulipata. Kumwambia kwamba siku zao zilikuwa zimefika ni kweli, kwa kuwa kila chenye uhai kina siku yake. Lakini moyoni nilijua kwamba swali lake halikuwa juu ya kadari, bali lilikuwa juu ya mikono yetu. Na kwa swali hilo, jawabu lilikuwa ndiyo.

BIRIKA LA WAZEE WETU

Juma hilo mamangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lamu. Alilitazama lile tangi tupu, akasikiliza kisa chote, kisha akauliza swali moja: "Maji uliyamwaga yote?"

Nikamjibu ndiyo, tena nikasugua kwa sabuni.

"Basi mwanangu," akasema, "hata sisi tusiosoma tulilijua hilo."

Akatukumbusha jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, chooni huwa pana birika la maji ya kuoga na kutawadha, lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Ndani ya birika hilo waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na pale chini, kwenye sakafu ya birika, ilitiwa bakuli au sahani ya kaure ya Kichina, ikajengewa humo humo. Wengi wanaokwenda kutalii hudhani kaure ile ni pambo tu. Kumbe ina kazi. Birika likitolewa maji ili lisafishwe, maji kidogo husalia ndani ya lile bakuli, na samaki hujikusanya humo wakawa salama mpaka birika lijazwe tena.

Msomaji, tafakari kidogo. Mara nyingi tunaambiwa kwamba kufuga samaki nyumbani ni jambo la Wazungu lililotufikia jana. Ni kweli kwamba kisanduku cha kioo ni chao. Mnamo mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu, mimea ya majini na konokono katika chombo kimoja, wakaishi bila ya maji kubadilishwa kila mara, kwa kuwa mimea ilitoa hewa safi na konokono wakala majani yaliyooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa watu wote, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowafanya Waingereza wengi wakimbilie kununua matangi. Nao Wachina walikuwa wakiwafuga samaki wa dhahabu karne nyingi kabla ya hapo. Lakini wazee wetu wa Lamu, na birika lao lenye bakuli la kaure, hawakuwa nyuma katika elimu hii. Walimweka samaki kwa manufaa, wakamjengea na mahali pa kujihifadhi siku ya dhiki.

KISICHOONEKANA NDANI YA MAJI

Maneno ya mamangu yalinitia hamu ya kujua kwa nini. Nikauliza kwa wenye uzoefu, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Samaki, kama kiumbe yeyote, hula na kutoa uchafu. Uchafu huo, pamoja na chakula kilichobaki na kuoza, hutoa sumu iitwayo amonia. Mtoni au ziwani maji ni mengi na sumu hiyo hupotea. Katika tangi haina pa kwenda. Hata kiasi kidogo sana huwaunguza samaki mashavu yao ya kupumulia, ndiyo sababu huja juu wakiachama midomo.

Lakini Mwenyezi Mungu amejaalia vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo chakula chao ni hiyo amonia. Kundi la kwanza huigeuza ikawa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitraiti ikawa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo maadamu haikuzidi sana. Nitreti hiyo ni mbolea, na mimea huinywa. Vijidudu hivyo haviishi zaidi katika maji yenyewe, bali hujishikiza juu ya changarawe, juu ya kioo, juu ya majani na ndani ya sponji ya chujio. Navyo havizaliwi kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji aghalabu majuma manne hadi sita kabla ya kuvipata vya kutosha.

Sasa makosa yangu yakawa wazi kama mchana. Niliwatia samaki kumi na wawili katika tangi lisilokuwa na vijidudu hata chembe. Niliwalisha kupita kiasi, na kila chembe iliyobaki ikawa sumu. Vile vijidudu vichache vilivyoanza kujishikiza nikavisugua kwa sabuni. Na maji ya mfereji niliyoyatia yalikuwa na klorini, dawa inayowekwa ili kuua vijidudu, isiyotudhuru sisi tunapokunywa lakini inayomdhuru samaki kwenye mashavu yake. Niliwaokoa kwa kuwaua.

NAMNA YA KUANZA

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, nitaeleza njia niliyoifuata mara ya pili.

Kwanza ni ukubwa. Usidanganywe na bakuli la duara linalouzwa pamoja na samaki mmoja wa dhahabu. Samaki huyo hukua akapita urefu wa kiganja, na bakuli lile kwake ni jela. Tangi kubwa ni rahisi kutunza kuliko dogo, kwa kuwa maji mengi hayabadiliki haraka. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54. Fundi wa vioo anaweza kukuundia kwa kioo cha milimita 6 na gundi ya silikoni. Akilimaliza, lijaze maji nje uani uliache usiku kucha uone kama linavuja. Na ukumbuke kwamba lita 54 za maji ni kilo 54 kabla hujahesabu kioo na mchanga, kwa hivyo meza iwe imara na iliyonyooka.

Pili ni mahali. Sisi watu wa pwani tuna neema moja: hatuna haja ya chombo cha kupasha maji moto, kwani samaki wengi wa nchi za joto hutaka nyuzi 24 hadi 27. Hatari yetu ni upande wa pili. Tangi likipigwa na jua la dirishani wakati wa kaskazi, maji hupata joto sana, na maji ya moto hayashiki hewa ya oksijeni kama maji ya baridi. Aidha jua huleta ukoga wa kijani hata usiwaone samaki wako. Liweke mahali penye kivuli na ulimulike kwa taa yake kwa muda wa saa nane hivi kila siku.

Tatu ni maji. Maji ya mfereji yaache katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana ili klorini itoke. Maji ya kisima ya Mji wa Kale na ya vitongoji vingi vya pwani aghalabu ni magumu, yenye chokaa, kwa sababu ardhi yetu ni ya matumbawe. Hayo huwafaa baadhi ya samaki na huwadhuru wengine, kama nitakavyoeleza. Kisima kikiwa na chumvi ya kuhisiwa ulimini, kiache.

Nne ni mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya kombe, nao hutia chokaa majini. Changarawe za mtoni ni bora zaidi. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki. Likitoa povu, basi ni la chokaa. Osha kila kitu kwa maji matupu. Sabuni isikaribie.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni kungoja. Panda mimea, washa chujio na pampu ya hewa, kisha tia samaki wawili au watatu tu walio wavumilivu. Walishe kidogo sana. Baada ya majuma kadhaa ongeza wengine wawili. Kila juma toa robo ya maji, utie mengine yaliyokwisha kutua. Sponji ya chujio ikichafuka, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini, usiisugue mferejini. Hilo ndilo bakuli letu la kaure: daima bakisha kitu cha zamani ili kiwe msingi wa kipya.

Na yale maji uliyoyatoa, usiyamwage chooni ukafanya israfu. Ni mbolea. Mke wangu huyamwagia asumini na mrehani wake, na sijamsikia akilalamika.

MIMEA SI PAMBO TU

Niliitupa ile nyumba ya plastiki, nikaweka mimea hai. Tofauti yake ni kama ya mti na picha ya mti. Mimea hunywa amonia na nitreti, huwapa samaki kivuli na mahali pa kujificha, na wakati wa mwangaza hutoa oksijeni. Lakini ujue kwamba usiku mimea nayo huvuta oksijeni kama samaki. Kwa hivyo stima ikipotea usiku, chukua kikombe, teka maji na uyamwage tena kutoka juu mara kwa mara ili yachanganyike na hewa.

Kwa anayeanza, mimea mitatu itamtosha. Wa kwanza ni Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe, ambao hupenda maji magumu na hupatikana hata katika maziwa makuu ya Afrika. Wa pili ni Ceratophyllum, usio na mizizi, unaoelea na kukua haraka, na unaosafisha maji kuliko mingi mingine. Wa tatu ni Anubias ya Afrika Magharibi, yenye majani manene. Hii usiuzike mzizi wake mchangani, utaoza. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo.

Wengine husema, kwa nini ninunue na mabwawa yamejaa mimea? Hapa nataka kutahadharisha. Katika sehemu nyingi za pwani yetu, Kwale ikiwa mojawapo, maji yaliyotuama na mito ya polepole huwa na konokono wanaobeba kichocho. Usiingie humo miguu mitupu, wala usilete konokono wa bwawani nyumbani kwako, ambako watoto hutia mikono.

SAMAKI GANI WA KUFUGA?

Mwenye maji magumu ya kisima amfuge gapi. Samaki huyu asili yake ni Trinidad na Venezuela, na jina lake latokana na Bwana Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao katika jumba la makumbusho la London katika miaka ya 1860. Hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai kila baada ya majuma manne hivi, na dume huwa na mkia kama kanga mpya. Tatizo lake ni moja: ukianza na watatu, baada ya miezi michache utakuwa ukiwabembeleza jirani zako wachukue.

Wapo pia samaki wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika, ambao nao hupenda maji magumu. Wanasifika duniani kote kwa rangi zao, na kwa jinsi mama wa aina nyingi miongoni mwao anavyoyatia mayai kinywani mwake, akakaa majuma matatu hivi karibu bila ya kula, mpaka watoto watoke wakiogelea. Kuna ukumbusho mkubwa hapo kwa kila aliyezaliwa na mama. Lakini wengi wao ni wagomvi, nao huhitaji tangi kubwa zaidi.

Samaki mpiganaji wa Thailand, ambaye huvuta hewa juu ya maji, ni mzuri, ila madume wawili usiwaweke pamoja. Watauana. Na wale wadogo wa mto Amazon wenye mstari unaong'aa hutaka maji laini, kwa hivyo mwenye kisima cha matumbawe asijitaabishe nao.

Kuhusu chakula, mara moja au mbili kwa siku yatosha, na kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili. Samaki mkubwa mwenye afya aweza kukaa hata juma moja bila ya kula. Ukisafiri kwenda maulidini Lamu, usimwachie jirani kopo zima la chakula. Huruma yake itawaua kabla hujarudi.

SAMAKI WA KWETU WASIOJULIKANA KWETU

Sasa nifikie jambo lililonistaajabisha kuliko yote. Katika madimbwi ya pwani yetu, yale yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa wakati wa kiangazi, wanaishi samaki wadogo wa kundi ambalo wataalamu huliita Nothobranchius. Wa Unguja alielezwa na mtaalamu wa Kijerumani mwaka 1893. Mwingine, ambaye anapatikana Tanga na pwani ya kusini ya Kenya, alielezwa mwaka 1907. Dume ni kama kito: samawati na wekundu umechanganyika mwilini mwake. Urefu wake haufiki kidole cha mtu mzima.

Mtu atauliza, dimbwi likikauka samaki huenda wapi? Hufa wote. Lakini kabla ya kufa huwa wametaga mayai yao ndani ya tope. Tope hukauka, hupasuka, ng'ombe hupita juu yake, na yale mayai husubiri ndani kwa miezi. Mvua ikinyesha hupasuliwa, watoto wakatoka, na baada ya majuma machache tu wamekuwa wakubwa na wanataga tena, kwa kuwa wanajua muda wao ni mfupi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huyahifadhi mayai hayo ndani ya udongo mkavu na kupelekeana kwa posta. Na jamaa yao mmoja wa Zimbabwe na Msumbiji anafugwa katika maabara za Ujerumani na kwingineko, ambako wataalamu humtumia kuchunguza sababu za uzee, kwa kuwa ujana na uzee wake huonekana wote ndani ya miezi michache.

Wageni wanawajua samaki hawa kwa majina. Sisi twayafukia madimbwi yao kwa vifusi na kujenga juu yake, twayatia dawa za mashambani, kisha twalalamika kwamba mbu wamezidi. Samaki hawa, kama wale wa birikani, hula viluwiluwi vya mbu.

YASIYOFAA KUFANYWA

Mwenye kuchoka na samaki wake asiende kuwamwaga mtoni au bwawani akidhani amewapa uhuru. Samaki wa kigeni huwala au kuwanyima chakula wale wa asili. Na mimea ni hivyo hivyo. Gugumaji, lenye ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika Kusini likapendwa kama pambo la mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Viktoria, na mpaka leo wavuvi wa huko wanalijua shari yake. Ukichoka, mpe mfugaji mwenzako au mrudishie muuzaji. Mimea ikizidi, ianike juani ikauke.

Wala usijitie kuvua wale samaki wa rangi wa matumbawe ukawatia sebuleni. Tangi la maji ya bahari lina gharama na elimu yake ya peke yake, na katika hifadhi za baharini kama za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, kuvua kumekatazwa.

RUHUSA NA SHARTI LAKE

Limebaki swali ambalo huulizwa sana: je, kuna ubaya kumfungia kiumbe kwa ajili ya kumtazama? Mimi si shekhe, na mwenye shaka amwulize mwenye elimu. Lakini hadithi mbili zinajulikana na wengi wetu tangu chuoni. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Ya pili ni ya mtoto Abu Umayr, nduguye Anas, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Yule ndege akafa, na Mtume Muhammad (S.A.W.) akamliwaza mtoto yule kwa kumwuliza habari za ndege wake. Wanazuoni wameitumia hadithi hii kuonyesha kwamba kumfuga ndege kunajuzu maadamu hadhulumiwi.

Nikiziweka hadithi hizo mbili pamoja, naona ruhusa ipo, na sharti lipo. Samaki wa mtoni, maji yakiharibika, aweza kukimbia. Wa kwako hana pa kukimbilia. Umeyashika maji yake, hewa yake, chakula chake na mwangaza wake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na haya ya kioo ndiyo maji yenyewe.

Nami nilifarijika kujua kwamba huzuni ya mtoto juu ya kiumbe mdogo haikuwa jambo la kuchekwa. Ilistahili kuulizwa habari na aliye bora wa viumbe.

Tulilijaza tena lile tangi. Safari hii lilikaa majuma matano likiwa na mimea na samaki wawili tu, na kitinda mimba wangu alijifunza kungoja, jambo ambalo zawadi yoyote nyingine ya dukani isingalimfunza. Ndiye mwenye zamu ya kulisha. Ana kijiko chake kidogo, na nduguze wakitaka kuongeza huwakemea kama mzee wa mtaa. Kila Jumamosi asubuhi hutoa robo ya maji kwa mpira, akiyahesabu kwa ndoo.

Mamangu alipokuja tena, mjukuu wake alimshika mkono akampeleka mbele ya kioo. Gapi walikuwa wamezaa, na watoto wao, wembamba kama sindano, walikuwa wamejificha ndani ya majani.

"Nyanya," akamwambia, "hawa hatukuwanunua."

Bibi mzee aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na maji, humwagi yote?"

"Simwagi yote, Nyanya. Nabakisha."

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Nami naongeza: na mtoto mpe samaki wa kutunza angali mdogo, ila uwe tayari kujifunza pamoja naye.